Naomba ushauri: begi la kubebea lenzi za darubini

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Kampala, na usiku usio na mbalamwezi huwa naenda kwa shangazi karibu na Kayabwe, pale ikweta inapopita. Giza la kule ni zuri mno. Mwezi wa Mei naona makundi ya nyota ya Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa usiku mmoja!

Shida ni safari. Nashuka kwenye taksi, napanda boda, barabara ya murram. Lenzi zangu nne za inchi 1.25, moja nzito ya inchi 2, Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) na vichujio nilivifunga kwa taulo. Juzi nimekuta kifuniko kimechomoka, vumbi jekundu limejaa, na kioo kina mkwaruzo mwembamba kama unywele. Niliumia sana.

Sasa nichukue begi la kamera la mgongoni lenye vigawanyo, au sanduku gumu la plastiki lenye mpira wa kuzuia maji? Sanduku nalipenda, ila kwenye boda nitalishikaje? Pia naogopa likifunga unyevu ndani, ukungu utaota kwenye vioo. Vifuko vya kunyonya unyevu vinatosha? Na sponji ya godoro naweza kuikata mwenyewe, au itamong'onyoka? Nina shilingi 200,000.