Tupeane uzoefu: kijijini kwenu nani anapanga siku ya chanjo?

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Chamwino, mjumbe wa kamati ya zahanati mwaka wa tatu sasa. Kliniki ya watoto kwetu ilikuwa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya mnada. Kila mwezi tukiambiwa akina mama wa hapa ni wazembe. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja akasimama: "Hii Jumatano aliipanga nani?" Hakuna aliyejibu. Tukahamishia Alhamisi, na mwezi uliofuata benchi halikutosha. Yule mama alinifundisha kazi ya kamati kuliko semina yoyote. Kwenu ikoje?

Nesi Mstaafu
Nitasema upande wetu wahudumu. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa kinadumu kwa muda wa saa 6 tu, kilichobaki unamwaga. Mama akija peke yake saa tisa alasiri na mtoto wa miezi 9, unaogopa kumwaga dozi tisa. Nami nilikuwa nawaambia, "Rudi siku ya kliniki." Mtu katembea kutoka kitongoji cha mbali, mtoto mgongoni, jua la Oktoba mnalijua. Baadhi hawakurudi tena. Mmoja nilikuja kumwona mwanawe ana surua, macho mekundu, vipele mwili mzima. Alipona, lakini mpaka leo naumia, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kilichotusaidia ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, binti wa hapohapo. Alikaa na mabalozi wa nyumba kumi, wakaandika kwenye daftari watoto wote wanaokaribia miezi 9 na wa miezi 18, kitongoji kwa kitongoji. Siku ikifika wanakuja pamoja, nafungua kichupa kwa amani. Orodha ile hatukuletewa na wilaya. Waliitengeneza watu wanaojua nani kajifungua na nani kahamia.

Mfugaji wa Bahi
Shikamoo mama nesi. Kwetu kiangazi tunahama na mifugo. Huduma ya mkoba, yaani wahudumu kutufuata tuliko, ilikuwa inafikia shuleni, wakati wake zetu na watoto wako lamboni. Wazee wakamwambia mtendaji wa kijiji: njooni lamboni asubuhi, wakati wa kunywesha. Sasa wanakuja na kisanduku chao cha baridi, wanakaa chini ya mgunga. Petroli ya pikipiki ikikosekana, tunachangishana.

Baba Mapacha
Hapo kwenye petroli sikubaliani nawe kaka. Chanjo ni bure. Leo petroli, kesho watasema barafu, na asiye na mia tano ataona aibu kuja.

Mfugaji wa Bahi
Nakuelewa. Ndiyo maana kwetu anachanga mwenye ng'ombe, mama mwenye mtoto haombwi kitu.

Bibi wa Mpwapwa
Mwaka 2022, kirusi cha polio kilipoonekana Malawi, walipita nyumba kwa nyumba na matone. Mara ya kwanza waliletwa vijana wageni, wakaandika chaki milangoni. Watu walifungia watoto ndani, uvumi ukawa mwingi, eti dawa ya kuzuia uzazi. Duru iliyofuata waliniomba niongozane nao. Nimewazalisha nusu ya hao mama. Nilimpa kwanza mjukuu wangu matone mbele yao, milango ikafunguka.

Mama wa Kondoa
Mwenye mada, mlihamishaje siku? Sisi tunajibiwa ratiba imetoka juu.

Mwenye mada
Dada, tulianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, hoja ikaingia kwenye mkutano wa kijiji, ikaandikwa kwenye muhtasari. Nakala tukampelekea mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mtendaji akiwepo. Mganga alikubali siku hiyohiyo, akasema hakuwahi kuambiwa kuhusu mnada. Nendeni na muhtasari wenye saini, na akina mama wawili watatu waongee wenyewe.