Kliniki yetu inaacha faili za karatasi, tuanzie wapi?

SistaWaKayole: Hamjambo wenzangu. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ndogo hapa Kayole, jumla tuko saba. Daktari mwenye kliniki anataka kuanzia mwezi ujao tuandike wagonjwa kwenye kompyuta. Muuzaji ameshakuja mara mbili na tableti yake, kila kitu kinang'aa. Lakini kabatini nina faili zaidi ya elfu nne, na stima huku hupotea bila kuaga. Mliopitia haya, mlianzaje?

MzeeWaMapokezi: Sista, anza na kabati. Sisi tulimkuta mama mmoja ana faili tatu: moja ya jina la kitambulisho, moja ya jina la mume, ya tatu imeandikwa "Mama Brayo" basi. Na ile ya tatu ndiyo pekee iliyokuwa na onyo, kwa wino mwekundu, kwamba penisilini inamdhuru. Ukiziingiza hivyo hivyo, kompyuta itakuonyesha wagonjwa watatu. Halafu usichape zote elfu nne, utazeeka hapo. Mwingize mgonjwa siku anayokuja. Wa presha, kisukari na wajawazito watangulie.

FundiWaTao: Muulize muuzaji mbele ya daktari: tukiachana, data zetu tunaondoka nazo vipi? Sisi tulichelewesha ada ya mwezi mmoja tu tukafungiwa nje ya rekodi zetu wenyewe. Ipo OpenMRS, programu ya bure ya rekodi za wagonjwa, na Eldoret inaijua tangu mwanzo wake, ila wa kuitunza atataka mshahara. Stima: chukueni mfumo unaoendelea hata intaneti ikikatika, na betri ya akiba kwa seva na ruta. Fomu za karatasi zibaki droo ya juu.

WakiliMtaani: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu. Ule msamaha wa kutojisajili kwa Kamishna wa Data, wa biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka, hauwafikii wanaotibu wagonjwa. Data zikivuja, mna saa 72 kumjulisha Kamishna. Na kila mtu awe na nywila yake, tafadhali.

SistaWaKayole: Nywila yetu ni moja, imebandikwa kwenye skrini 🙈 Mzee, nimefungua droo ya W sasa hivi: Wanjiku kumi na tisa, na wawili naapa ni mtu mmoja. Nimemwambia daktari mwezi ujao haiwezekani. Amenuna, lakini lile swali la kuachana amemtumia muuzaji. Tangu asubuhi, alama mbili za buluu na kimya.