Kampeni ya kwanza ya Dungeons & Dragons: kurasa 30 ninazo, kikao cha kwanza sina

Dadu_SouthB:
Habari zenu wanajamvi. Naandaa kampeni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, yaani hadithi moja ndefu ya vikao 8 hapa Nairobi. Wachezaji ni 4, wahusika wa kiwango cha 1 (cha wanaoanza), kanuni za toleo la 5 la mwaka 2014, kila Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja. Hadithi iko pwani, kwenye mji wa matumbawe uliohamwa, mfano wa Gedi, magofu ya kale karibu na Malindi. Nimeshaandika kurasa 30 za masultani na nasaba zao, ila sijui kikao cha kwanza kianzie wapi. Pambano la kwanza nimeweka goblini 6 niliowageuza vibwengo. Wachezaji watawaweza? Na fumbo la mji nilifiche vipi lisiwashinde?

Kinga16:
Punguza hao vibwengo leo hii. Goblini mmoja ana pointi 50 za uzoefu, ambazo ndizo kipimo cha ugumu wa pambano, kwa hiyo sita ni 300. Kundi la maadui 3 hadi 6 huzidishwa mara 2, unapata 600. Kwa wahusika 4 wa kiwango cha 1, pambano la kuua linaanzia 400. Umepita mbali.

Kinachoua hasa ni wingi wa mapigo. Kila goblini anaongeza 4 kwenye dadu ya pande 20, akipiga anatoa wastani wa 5. Mchawi mwenye kinga 12 (jumla ambayo pigo lazima liifikie) anapigwa kwa 8 na kuendelea, yaani asilimia 65. Uhai wake ni kama 8. Mishale miwili, yuko chini, na bado wanne hawajacheza zamu yao. Kuna baya zaidi: akiwa amebaki na uhai 3 kisha dadu ikaangukia 20, ambapo dadu za madhara huongezwa maradufu, na pigo likatoa 11, salio la 8 linalingana na uhai wake wote, na kanuni inasema amekufa papo hapo. Mtu ametumia saa nzima kumtengeneza mhusika huyo!

Weka watatu. Hesabu inakuja 300, pambano gumu lakini la haki. Wawili wawe chini, mmoja juu ya ukuta na upinde. Wape na haja yao: wamefuata mafuta ya taa, hawakuja kuua. Wawili wakianguka, wa tatu anatimua mbio.

Bi_Kaskazini:
Ndugu, hizo kurasa 30 zihifadhi, zitakufaa kujibu maswali. Kwa kikao andaa karatasi moja tu: nani anataka nini, na nini kitatokea wachezaji wasipoingilia.

Mfano: nahodha anaiba vitu makaburini na kuvipakia jahazini. Anasubiri kusi ianze ili ashike njia ya Arabuni, maana kaskazi ingali inavuma na inampinga. Chora visanduku 6. Kila kikao kikiisha, tia alama kimoja. Cha sita kikijaa, jahazi limeng'oa nanga, na vikao viwili vinavyobaki ni vya kulifukuza au kuishi na hasara. Usiandike watamzuiaje. Ukiandika njia moja, watashika nyingine, na utajikuta unawavuta kwa kamba.

Kuhusu mwanzo, usiwakutanishe mkahawani. Waanze wakiwa ndani ya mashua iliyokwama matopeni, maji yamekupwa, giza linaingia, na taa inatembea ndani ya magofu. Swali la kwanza liwe: mnafanya nini?

Tena andika majina 10 ya watu wa pwani pembeni. Watamuuliza mvuvi jina lake, hilo halikwepeki.

Msoma_Makaburi:
Mimi nashika la fumbo. Ukificha kidokezo nyuma ya dadu moja yenye ugumu 15 (dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza lazima ifike 15), mhusika anayeongeza 5 anakikosa kwa asilimia 45, na hadithi inasimama hapo. Weka vidokezo vitatu sehemu tatu tofauti, na hatari ya kuvikosa vyote inashuka hadi kama asilimia 9. Gedi yenyewe inakupa mali: kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, vipande vya kaure ya Kichina, visima. Cha tatu kiwe kinywani mwa mtu. Ila neno la lazima litoe bure. Dadu iamue wanapata nini *zaidi*.

Kizibo:
Mambo ya mezani. Miraba ya sentimita 2.5 kwenye ramani ya mapambano haifai kama mnatumia vizibo vya soda kuwa wahusika, kwa sababu kizibo kina karibu milimita 32. Chora ya sentimita 3.5, manila ya A1 inatoa miraba 24 kwa 16. Kanuni za msingi zina leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023, chapisha bila wasiwasi.

Kabla ya kikao cha kwanza, kaeni nusu saa mkubaliane. Majini na uganga si mchezo kwa kila mtu, kwa hiyo uliza mapema nini kisiguswe. Mmoja akikwama kwenye foleni, chezeni watatu na umwondoe kibwengo mmoja.

Dadu_SouthB:
Shukrani sana. Kibwengo akikimbia nao wakamfuata je?

Bi_Kaskazini:
Awapeleke moja kwa moja kwenye kaburi la 802. Hicho ni kidokezo chako cha kwanza.