Re: Binti anataka kuigiza na kupiga picha za matangazo

Wapendwa, habari zenu. Binti yangu ana miaka tisa, na tangu acheze kwenye igizo la shule hatuna amani nyumbani. Juzi kijana mmoja katusimamisha madukani, eti mtoto ana sura ya kamera, tumpeleke hotelini Jumamosi akaonwe na wakala. Kuna ada ya picha. Ndivyo wanavyoanza? Tuko California.

---

Dada, Jumamosi msiende. Wakala wa kweli hula pale mtoto anapokula: anamtafutia kazi, ikilipa anakata chake, kwa kawaida asilimia 10. Anayetaka hela kabla ya kazi, mteja wake ni wewe. Na hapo kwenu, tangu 2010, ni kosa kumtoza mtu ada ya mapema kwa ahadi ya kumtafutia usaili. Wakala lazima pia awe na leseni ya jimbo, na leseni hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe mtandaoni.

Picha za studio achana nazo. Leo ana pengo, kesho meno yameota, albamu yote imekufa. Kwa kuanzia, simu inatosha: mwanga wa dirishani, ukuta mtupu, bila vipodozi, moja ya uso, moja ya mwili mzima. Kwenye video ya usaili ilaze simu, kamera iwe usawa wa macho yake, ataje jina na umri, ageuke kulia na kushoto. Ukimsomea maneno ya mhusika mwenzake, simama ubavuni mwa kamera, punguza sauti. Wazazi wengine husoma kwa mbwembwe mpaka unajiuliza nani anatafuta kazi! Na usimkaririshe kama kasuku. Wanaosaili humpa maelekezo mapya papo hapo, wanataka kuona kama anasikiliza.

Halafu makaratasi. Kibali cha mtoto kufanya kazi ya burudani, kile cha miezi 6, hakilipiwi, ila shule lazima ithibitishe kwamba masomo yake yako sawa. Fungua na akaunti ya Coogan, ya kumtunzia mtoto sehemu ya malipo yake. Jackie Coogan aliigiza na Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu, mwaka 1921 akiwa mtoto. Alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wameshatafuna hela zake. Ndipo ikaja sheria ya 1939 ya kulinda hela za watoto waigizaji. Siku hizi mwajiri huweka humo asilimia 15 ya malipo ya mtoto, na hakuna wa kuzigusa mpaka afikishe miaka 18.

---

Kaka kamaliza kila kitu ila viza. Kama binti yuko Marekani kwa F-2 au H-4 (viza za familia ya mwanafunzi au mfanyakazi wa kigeni), haruhusiwi kufanya kazi ya malipo, hata tangazo la nusu siku. Muulizeni mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Wakati mnasubiri, igizo la shule halina shida, acheze tu.

Sisi wa Uingereza leseni ya mtoto kuigiza hutoka halmashauri ya eneo analoishi mtoto, na anayeiomba ni kampuni inayomchukua. Mzazi akiambiwa ailipie, ajue kuna jambo.