Naomba ushauri: kidari cha kuku kinakauka nikichemsha

Habarini ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Niko Ujiji, Kigoma. Mama mkwe yuko kwangu, kaambiwa apunguze mafuta, kwa hiyo kukaanga tumeacha. Nachemsha kidari cha kuku wa kisasa, kisicho na mfupa wala ngozi, kwa chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu.

Shida ni kwamba nyama inatoka kavu, inachambuka kama katani, na mama wa watu anaisukuma pembeni ya sahani kimyakimya. (Wa kienyeji hanisumbui, yule mchemshe hata mchana kutwa.) Najua maji hayatakiwi kutokota, yawe ya moto tu, na kwamba katikati pakifika nyuzi joto 74 nyama imeiva. Ila kipimajoto sina, na jiko langu ni la mkaa. Nimepunguza mkaa nikafukia na majivu: nje pakawa laini, lakini upande ule mnene nilipokata ndani pana wekundu. Kurudisha jikoni, pakakauka vilevile. Kukipasua kiwe chembamba pia nimejaribu, kinawahi kuiva na kinawahi kukakamaa.

Sasa naomba kujua: nyama niianzishe kwenye maji ya baridi, au niitumbukize yakishapata moto? Na nyie wa mkaa, mnajuaje imeiva bila kuikatakata? Jirani anasema yakianza kutoa vipovu niepue, nifunike, iivie humohumo. Kwa kipande kinene naogopa, maana nampa mtu mzima.