Mgombea ajibu hili la kikokotoo, mengine baadaye

Chaki Mkononi: Mgombea akija kwetu nina swali moja la kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mstaafu. Mbunge anakaa miaka 5, Bunge likivunjwa anapewa kiinua mgongo chake kwa mkupuo. Mwalimu aliyefundisha miaka 35 anapewa mkupuo wa asilimia 40, iliyobaki anadondoshewa mwezi hadi mwezi. Kwa nini? Asinijibu barabara na zahanati.

Hesabu Kwanza: Mshahara wa milioni 1 kwa mwezi, miaka 35 kazini: kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma (mshahara wa mwaka mara miezi ya kazi, gawa kwa 540; asilimia 50 ya jibu, mara 15.5) ilitoa mkupuo wa kama milioni 72. Ya 2022 (gawa kwa 580, asilimia 33, mara 12.5) ikatoa kama milioni 36. Lakini pensheni ya mwezi ikapanda kutoka kama 389,000 hadi 485,000. Na wa mifuko mingine, NSSF na PPF, waliokuwa kwenye asilimia 25 wakapandishwa hadi 33. Mgombea akilisema hilo nalo hatakuwa amedanganya.

Mtu wa Mezani: Tuambizane ukweli. Wastaafu wengi wakishika mkupuo wanaongeza mke, wananunua Noah ya abiria, baada ya miaka miwili wanaomba hela ya chumvi kwa watoto. Serikali inawalinda.

Bi Mkubwa Songea: Mimi ni mwanamke, nimefundisha darasa la kwanza tangu usichana wangu. Nitaongeza mke yupi?

Mtu wa Mezani: Dada, sikukulenga wewe. Nimesema wengi.

Bi Mkubwa Songea: Hao wengi umewahesabia wapi? Baba yangu alilipwa kwa kanuni ya zamani. Alimalizia nyumba, akanunua shamba la kahawa Mbinga. Kahawa hiyo ndiyo inayomtibu mama yangu leo. Alitapanya nini?

Kijana wa Stendi: Na Noah ina kosa gani? Mzee wangu alinunua, ndiyo iliyotusomesha.

Mtu wa Mezani: Iliyosomesha ni moja, zilizolala juu ya mawe ni kumi.

Chaki Mkononi: Jamani, nimeuliza habari za mbunge. Noah imeingiaje hapa?

Mpenda Historia: Magufuli si alishaifuta hii kanuni mpya 2018?

Hesabu Kwanza: Hakuifuta, mkuu. Desemba 2018 aliagiza hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Mpya ikaanza Julai 2022. Hiyo asilimia 40 ilikuja na bajeti ya 2024, na ni ya waliokuwa kwenye 50. Wale wa 25 walipewa 35.

Mpenda Historia: Kumbe hata hiyo 2023 hawakuingoja.

Mtu wa Mezani: Mnachanganya mambo. Cha mbunge ni kiinua mgongo, si pensheni. Sheria zake ni nyingine.

Chaki Mkononi: Na sheria zote mbili zilipitishwa na nani? Hapo ndipo ninapotaka jibu.

Mtu wa Mezani: Nilisema kwa nia njema, mfuko usikauke na wazee wasiadhirike.

Bi Mkubwa Songea: Nia njema ianzie bungeni, nao wanaoa. Wapewe asilimia 40, nyingine waingiziwe kila mwezi, tusikie atakayepiga kelele. Na bado hujaniambia hao wengi ni wangapi.

Kijana wa Stendi: Na hizo Noah kumi umeziona stendi gani? Itaje.