Metroni wetu wa dahalia amefariki, pesa tumechanga, sasa hatuelewani. Naomba ushauri

BintiKonde:
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nauliza hasa ndugu zangu wa Pemba.

Metroni wetu wa dahalia, yaani bweni la skuli, ametangulia mbele ya haki mwezi uliopita. Tuliolelewa naye tumetawanyika: Unguja, Dar, Muscat, wengine tuko huku huku. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukachanga, ikapatikana milioni 2 na ushei. Basi ugomvi ukaanza. Hawa wanataka khitma, ng'ombe achinjwe na pilau ipikwe. Wale wanataka tangi la maji pale dahalia. Na mmoja aliyeko nje (ndiye aliyetoa nyingi) anataka bango lenye picha ya marehemu getini. Mtu mwenyewe alikuwa hata hataki kupigwa picha, akiona kamera anajifunika kanga.

Tulisoma kabla umeme haujavushwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Jenereta likizimwa, anapita na kandili kitanda kwa kitanda anahesabu vichwa. Pesa zetu za matumizi alizitunza yeye kwenye mkoba wa ukindu, kila mtu na kifurushi chake cha kipande cha kanga, kimefungwa uzi wa rangi yake. Wangu kijani. Sijasikia aliyepungukiwa hata shilingi. Ukishikwa na homa unalala kitandani kwake, yeye mkekani.

Tufanyeje?

MzeeWaMkoani:
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu, sijaona uliposema mmewauliza watoto wake. Anzeni huko. Na muulize madeni. Deni la maiti hutangulia, pilau itangoja.

ChakeDamu:
Khitma isikosekane jamani. Watu wakae, wasome, wamwombee. Ndivyo tulivyowakuta wazee.

AbuSumayya:
Khitma haina dalili katika dini. Mwanaadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Wekeni tangi.

ChakeDamu:
Sheikh, hili tumeshabishana nyuzi ngapi? Tusimharibie dada uzi wake.

FundiBomba:
Nyote mnasema tangi, hakuna anayesema mnara. Lita 5,000 zikijaa ni tani 5, hazikai juu ya vijiti. Pampu nayo inakula umeme, nani atalipa? Skuli ya serikali hamwingii tu na mafundi, mwoneni mwalimu mkuu na kamati, ruhusa iwe ya maandishi. Nimeliona tangi moja la msaada, koki ilivunjika na kila mtu akasubiri mwenzake anunue nyingine. Sasa kuku wanataga chini yake.

Mkaanyuma:
Nami nimepita mikononi mwake. Bango lisahauni. Angekuwa hai angelibandua mwenyewe, kisha aliyelibandika afue mashuka ya dahalia nzima.

BintiKonde:
Mrejesho. Leo baada ya alasiri nimekwenda kwao. Mzee wa Mkoani, Mungu akuweke. Deni lipo. Marehemu alikuwa kwenye mchezo wa upatu na wanawake wa mtaani, zamu yake ameshapokea na mizunguko bado haijaisha. Binti yake ndiye anayelipa, kimya kimya, kwa pesa za vitumbua. Nimelipeleka kundini, hata wa pilau hawakubisha. Jumamosi tunalimaliza. Khitma familia wameshasoma wenyewe, hawataki nyingine. Wa bango amenuna, ametoka kundini, ila pesa yake kasema tuitumie.

FundiBomba, kitakachobaki hakifiki mnara. Hakuna kitu kidogo kuliko tangi?

FundiBomba:
Kipo. Kabla hamjanunua kitu, mtu apite asubuhi wanafunzi wakioga, ahesabu koki zinazotoa maji na zilizokufa. Pengine ni koki na mabomba tu. Nipigieni picha bomba za nje na za vyooni, nitumie kwa faragha, nitawaandikia vifaa. Ufundi wangu msihesabu.

Mkaanyuma:
Mimi niko Wete, kesho asubuhi napita.